Mafuta Yaliporudi

Habari za msiba zilinikuta nikichambua mchicha. Bi Zuhura wa mtaa wa Mabawa, aliyenipangisha chumba nilipoanza kazi Tanga, alikuwa amefariki alfajiri na angezikwa alasiri. Nilijua sitawahi. Nikamaliza kwanza kuchambua ule mchicha, maana siku hizi hata kuacha jambo nusu kunanichosha, kisha nikapanda basi kutoka Korogwe. Nilifika wanaume wakirudi makaburini, pindo za kanzu zimeshika vumbi. Ndani, wanawake walikuwa wamejaa mikekani. Nasra, binti wa marehemu, alinikumbatia, akanikalisha pembeni mwa ukuta, akaenda kuwapokea wengine. Nikabaki kutazama. Wajukuu na watoto wa majirani walikuwa wakipita katikati yetu na chupa za soda na biskuti za pakiti, mmoja wao akihema kwa kupanda ngazi mbili tu za baraza, na hakuna aliyemwangalia mara mbili. Nami sikusema kitu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimepima watoto kwa mshahara wa serikali. Nusu ya kwanza niliwaambia mama zao waongeze, nusu ya pili nikawaambia wapunguze, na kama kuna jambo nililojifunza sawasawa katika kazi hiyo, nililijifunza mwaka wa kwanza, ndani ya nyumba hii, kwa kukosea.

Ulikuwa mwaka ambao maduka yalianza kujaa tena. Asiyeupitia wakati wa dhiki hawezi kuelewa ilivyokuwa. Tulikuwa tumefua nguo kwa majani ya mpapai, tumekunywa chai ya sukari guru, tumekula ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, uliokuwa ukinuka ghala, tumesimama foleni bila kujua mbele kunauzwa nini. Halafu ikawa ruksa kuingiza bidhaa. Mafuta ya kula yakaja kwa madebe, sukari nyeupe kwa magunia, siagi ya kopo, maziwa ya kopo, biskuti, peremende za rangi, na soda ambazo zamani ulizinywa harusini tu, tena kwa kugawana chupa. Mume wa Bi Zuhura, Bwana Twalibu, alikuwa na duka mbele ya nyumba, na katika dhiki rafu zake zilikuwa na viberiti na chumvi ya mawe. Mwaka ule alipigilia rafu mpya mpaka darini. Jioni alikuwa akisimama nje, ng'ambo ya barabara, anatazama duka lake kama mtu anayetazama mtoto aliyepona.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeshuka kutoka Lushoto na cheti kipya cha uuguzi, nimepangiwa kliniki ya watoto. Chumba changu kilikuwa cha mwisho ukumbini. Kuta za nyumba ile hazikufika darini, kwa hiyo uliishi peke yako kwa macho tu, ila kwa masikio mlikuwa wote. Nilijua Bwana Twalibu anapopiga chafya na Bi Zuhura anapohesabu tasbihi. Nilijua pia kwamba Nasra, mtoto wa miaka tisa, anakoroma kama mtu mzima aliyelima kutwa. Wakati wa kulala mchana, nyumba nzima ikiwa kimya, koromo lake lilipanda, likakatika ghafla, nami nikawa nimeshika pumzi yangu mpaka yake irudi.

Chakula nilikula nao. Asubuhi chai ya maziwa na vitumbua au maandazi, mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka, jioni mkate wa ajemi na mchuzi, na katikati yake kashata, visheti, sharubati ya mabungo yenye sukari mpaka kijiko kinasimama. Bi Zuhura alikuwa mpishi, Mungu amrehemu, na mimi niliyetoka kwenye bweni la maharage nilimshukuru kwa kila tonge. Lakini nilimwona anavyomlisha Nasra. Mtoto akisema ameshiba, mama alivuta sahani, akafinyanga matonge mwenyewe. "Hili la baba. Hili la bibi yako." Nasra akapanua mdomo. Na la mwisho, kubwa kuliko yote, alilishika kidogo hewani kabla ya kulitia kinywani mwa mtoto. "Na hili la Saidi." Mtoto alimeza huku macho yamemtoka. Sikujua Saidi ni nani. Nilidhani ni mjomba aliye mbali.

Shingo ya Nasra kwa nyuma ilikuwa imeingia weusi, kama kola ya shati iliyochafuka. Kila Ijumaa Bi Zuhura alimsugua kwa dodoki na sabuni, sabuni ya kweli sasa, mpaka mtoto akalia. "Binti wa watu utasema hakogi," alikuwa akisema. Sikujua wakati ule kwamba weusi ule si uchafu, kwamba ni mwili unaolalamika kwa njia yake. Nilikuja kufundishwa hivyo nikiwa na mvi. Mwaka ule nilijua tu kwamba mtoto hawezi kufika kisimani na wenzake bila kukaa chini njiani, kwamba baba yake anampakia kwenye baiskeli kwenda shule ambayo mlio wa kengele yake ulisikika mpaka barazani kwetu, na kwamba watoto wa mtaa wanamwita Bonge.

Nikamwambia mama yake. Tulikuwa tunachagua mchele, nikasema kwa ujasiri wa cheti kipya, "Bi Zuhura, Nasra amezidi uzito."

Akacheka. "Amezidi nani? Watu wanapita hapa wananambia, Zuhura, nyumba yako ina neema. Weye wataka waione nyumba ina njaa?"

"Si njaa. Apunguze tu mafuta, na soda."

Aliendelea kuchagua mchele, lakini kicheko kilikuwa kimekwisha. Mchana ule nikasikia sauti juu ya ukuta. "Huyu msichana wa kliniki ana nini na mwanangu?" Bwana Twalibu akajibu taratibu, "Mtoto anakoroma kunishinda mie, Zuhura." Naye akasema, "Anakoroma kwa sababu yu hai." Mimi nilikuwa kijana mno kusikia kilichokuwemo ndani ya maneno yale. Nilichosikia ni kwamba nimebishiwa.

Ndiyo maana nikafanya nilichofanya. Ilikuwa Jumamosi, duka limejaa. Bwana Twalibu alikuwa amenunua mizani ya kupimia magunia, ile ya chuma ya kusimama chini, na watu walikuwa wamekuja kuishangaa. Nasra akaja kuchukua biskuti. Nikamshika mkono, nikamwambia, kwa sauti ambayo nilitaka mama yake aliyekuwa mlangoni aisikie, "Nasra mdogo wangu, panda hapa." Akapanda, kwa kuwa alinipenda na alizoea kuniona nikipima watoto. Nikasogeza jiwe la mizani, nikasoma kilo zake, kilo hamsini na moja. Mteja mmoja akasema kwa furaha, bila ubaya wowote, "Mashallah! Huyu ni nusu gunia la mchele!" Duka zima likacheka. Mpaka leo nakumbuka kwamba hata mimi midomo yangu iliachana kidogo, kwa haya au kwa kutaka kuonekana mwema kwa watu. Nasra alishuka. Hakulia. Aliweka biskuti juu ya kaunta, akaitengeneza vizuri kama anayerudisha kitu cha watu, akaingia ndani.

Tangu siku ile akaacha kula. Hatukujua mara moja, maana alikuwa mjanja. Alikaa chakulani, akazungusha mkono, akaomba ruhusa kwenda msalani, shavu limejaa. Maandazi alikwenda nayo shule, akayagawa. Tonge la Saidi tu ndilo alilolimeza. Siku ya tano nilifuata msafara wa sisimizi ukumbini mpaka chini ya godoro lake, nikakuta mkate na vipande vya samaki ndani ya daftari. Nilipokuwa bado nimepiga magoti pale, mwalimu akaja mbio barazani. Nasra alikuwa ameanguka mstarini, ameumia paji la uso.

Tulimleta nyumbani juu ya baiskeli, baba anasukuma, mimi nimemshika mgongo. Bi Zuhura alimwosha uso, akamnywesha maji ya dafu kijiko kwa kijiko. Hakunitazama. Mtoto alipolala, akaingia chumbani mwake, akatoka na kadi ya kliniki, ile ya uzito, imekunjwa mara nne, imefifia kwenye mikunjo. Akaitia mkononi mwangu.

"Soma. Si ndiyo kazi yako?"

Nikaisoma. Jina: Saidi Twalibu. Nukta zilianza vizuri, zikapanda miezi minane, zikalala, halafu zikaanza kushuka. Zilishuka mpaka chini ya mstari wa mwisho, na baada ya mwezi wa kumi na tisa hapakuwa na nukta tena.

"Mlinambia niongeze mafuta kwenye uji," alisema Bi Zuhura. Hakupandisha sauti. "Nesi wenu, kwa mdomo wake. Nikasimama foleni duka la ushirika siku tatu. Mafuta hamna. Nikaenda kijijini Mkwaja kwa dada yangu kutafuta nazi, maana hata nazi mjini zilikuwa zimepanda. Nimerudi nimepika uji wa nazi, mzito, mzuri, mtoto hataki tena kupanua kinywa. Nasra alikuwa amekaa pale ulipokaa weye, ananitazama. Leo mafuta yapo, weye wanambia niyapunguze. Sasa nambie, mwanangu. Lini mlikuwa mkisema kweli?"

Niliikunja kadi kama ilivyokuwa, nikamrudishia. Jibu nimelitafuta miaka mingi katika semina, na wanaotoa semina hawajawahi kuulizwa swali hilo na mtu aliyeshika kadi.

Kesho yake nilimweleza Sista Benadeta, mkuu wangu wa kliniki, Mbondei mnene wa maneno machache ambaye tulimwogopa wote. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anakunja pamba. Kisha akauliza, "Ulikuwa unampima mtoto au ulikuwa unamwuza?" Nikalia. Aliacha nilie, akamaliza pamba yake, akavaa viatu vya njiani. "Twende. Yule nesi wa mafuta ni mimi."

Sista alipoingia, Bi Zuhura alimtambua, akasimama. Walisalimiana kirefu, kama watu wanaoogopa salamu kwisha. Sista akaketi mkekani, akanyoosha miguu yake iliyovimba.

"Zuhura, ni mimi niliyekwambia uongeze. Na leo wangeniletea Saidi vile vile, ningekwambia vile vile. Yule alipungukiwa, hukuwa na makosa wewe, wala mimi sikuwa na mafuta ya kukupa. Lakini huyu amezidishiwa. Huwezi kumshibisha aliyekufa kwa tumbo la aliye hai."

 Nilidhani Bi Zuhura atatufukuza. Akautazama mkono wake wa kulia, ule wa matonge. "Nifanye nini na mkono huu, Sista? Unakwenda wenyewe."

"Upe kazi nyingine," alisema Sista.

Hakutuachia orodha ya vyakula wala kutupigia hotuba. Alisema mambo machache, na nimeyarudia kwa akina mama mpaka nimechoka kujisikia. Nyumba ni sufuria moja: kusiwe na chakula cha Nasra na chakula cha watu, mtoto asitengwe kama mgonjwa. Asikatazwe mbele za watu, wala mtu asimtajie mwili wake, si kwa kusifu wala kwa kubeza. Kitu cha kunywa mezani kiwe maji. Vya kukaanga vipikwe Ijumaa, vifurahiwe, viishe. Akisema ameshiba, ameshiba. Na Bwana Twalibu, aliyekuwa akisikiliza kutoka dukani kwa kujifanya anafunga unga, aliambiwa baiskeli ipumzike.

Haikuwa rahisi, na ningekuwa mwongo nikisema tuliishi kwa raha. Bi Zuhura alipika matembele na kisamvu kwa tui jepesi, akaweka chini kama anayeweka msiba. Bwana Twalibu alinung'unikia chai, akasema amefanya kazi miaka yote ile ya dhiki ili apate sukari, sasa sukari anayo na amenyimwa na mkewe. Kuna siku nilimkuta Bi Zuhura jikoni amemfinyangia Nasra tonge kwa siri. Aliponiona akalitia kinywani mwake mwenyewe, akalitafuna akinitazama kwa ukali. Nilitoka. Lakini mkono ule ulipewa kazi kweli. Alianza bustani ya mchicha na bamia uani, kwenye maji ya kuoshea vyombo, na Nasra akawa anachimba naye. Wakipalilia, nilisikia sauti zao zikipita dirishani, mara ya kwanza nawasikia wakizungumza mambo yasiyokuwa chakula. Nasra alimwuliza mdogo wake Saidi alikuwa na sauti gani. Baada ya kitambo, jina la Saidi lilikoma kutajwa kwenye tonge, likaanza kutajwa kwenye dua.

Mimi nilibaki na deni langu kwa Nasra. Alinijibu kwa adabu, "Marahaba, dada Naomi," nilipomsalimu kwa mzaha shikamoo, lakini hakunikaribia. Nikaomba ruhusa ya mama yake nimpeleke Raskazone kuoga baharini, Jumamosi asubuhi. Tulikwenda kwa miguu, mwendo mrefu kwa mtoto yule. Nilijizuia nisihesabu mara alizopumzika. Akikaa, nami nilikaa, nikalalamikia viatu vyangu. Tulipita mbele ya zile nyumba kubwa za zamani zenye veranda, tukashuka ufukweni penye kivuli, maji yamejaa, hakuna watu ila wanawake wawili na watoto wao.

Sijui kuogelea. Sisi wa milimani maji tunayajua ya kuchota. Niliingia mpaka magotini nikashikilia gauni. Nasra alinipita na gauni lake na kitambaa cha kichwa, akaenda mpaka kifuani, akalala chali. Basi. Alilala tu juu ya maji, mikono wazi, na maji yakambeba. Mtoto niliyemwona akihema kwa kupanda kitanda alikuwa hana uzito kabisa. Akageuza uso.

"Dada Naomi, njoo."

"Nitazama."

"Huzami. Jiachie tu. Mie nimekushika."

Akaniwekea viganja viwili mgongoni. Nilikunywa maji ya chumvi, nikapiga kelele, wale wanawake wakacheka, na Nasra akacheka mpaka akazama mwenyewe kidogo akatoka anakohoa. Tulipokaa mchangani kujikausha nikamwambia, "Siku ile ya mizani nilikukosea. Nisamehe." Alichora mchanga kwa kidole. "Mie nilidhani hata wewe ulicheka," alisema. Nikamwambia kweli: "Nilicheka kidogo."  Kisha akaniuliza kama Jumamosi ijayo tutakuja tena.

Tulikwenda kila Jumamosi mpaka mwaka ukaisha. Mapumziko ya njiani yalipungua, mimi ndiye niliyebaki kuyaomba. Koromo halikuisha, lakini lilipungua kukatika. Hakuwa mwembamba, na hakuna aliyemtaka awe; alirefuka, akaanza kukimbia kwenye mchezo wa mede na wenzake, na siku moja nikasikia mtaani wakimwita jina lake. Kisha nikapewa uhamisho, nikaondoka na sanduku moja na mfuko wa machungwa. Maisha hayakunyooka baada ya hapo kama mstari wa kadi. Duka lilikua, Bwana Twalibu akaanza kuuza soda kwa kreti, akafa kwa presha kabla ya uzee. Bi Zuhura aliyempunguzia mwanawe hakujipunguzia mwenyewe. Alikula alichokosa, nadhani, mpaka sukari ikamchukua mguu na sasa imemchukua mwenyewe. Nasra alimuuguza miaka tisa.

Jioni ya msiba waliandaa pilau. Mtoto mmoja akaniletea soda imefunguliwa, nami nikaipokea, kwa sababu kukataa kitu msibani kunahitaji maelezo, na nilikuwa nimechoka kutoa maelezo. Nilikunywa nusu. Hakuna mtu pale aliyejua kwamba mimi, nesi mstaafu, nina sukari mwaka wa sita, na kwamba dawa zangu nilizisahau mezani karibu na mchicha. Kiu ilikuwa haikatiki. Nyuso zilianza kupata ukungu pembeni. Nikaegemea ukuta, nikajifanya naomboleza.

Nasra alikuwa upande wa pili wa chumba, anagawa sahani. Ni mwanamke mpana, wa miguu imara. Alinitazama mara moja, akampa mwenzake sahani zilizobaki.

"Dada Naomi," aliita, kwa sauti ya kawaida, kila mtu akasikia, "hebu njoo nisaidie kutafuta shuka moja huku."

Nilinyanyuka kwa kushika ukuta. Hakunishika mkono mbele za watu. Alitembea polepole tu, mbele yangu, upana wake ukinifungulia njia katikati ya mikeka. Tuliingia chumbani kwa mama yake. Alishusha pazia, akafunga na mlango, akazungusha ufunguo. Akaniketisha kitandani, akavuta droo, akatoa kipimo kidogo cha sukari cha marehemu na kopo la sindano za kutobolea kidole, akapiga magoti mbele yangu. Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, nina miaka mingapi nayo.

Nikampa kidole.